Rimoti ya winchi hulowa kupitia kebo yake yenyewe

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda cha barafu huku Tanga. Tuna winchi inayoinua makopo ya barafu kutoka kwenye tangi la maji ya chumvi. Rimoti yake, ile ya kuning'inia kwa waya, inaingia maji kila baada ya wiki mbili tatu. Wiki iliyopita imempiga shoti opereta. Juzi ameachia kitufe cha kupandisha, winchi ikaendelea kupanda yenyewe hadi ikagonga swichi ya mwisho huko juu. Rimoti inatumia volti 230. Bosi anataka nipake silikoni sanduku lote, nje na ndani. Fundi mwingine anasema nishushe umeme wa rimoti uwe volti 24. Nimsikilize nani, na nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Kabla hujasoma zaidi, shusha mzigo, zima winchi hiyo, na swichi kuu uifunge kwa kufuli ambalo ufunguo wake unakaa mfukoni mwako. Barafu itachelewa siku mbili, basi. Shoti ya opereta ni jambo baya, lakini la juzi ndilo lililonishtua. Aliyepigwa shoti huachia rimoti na kupiga kelele, watu wakasikia. Mzigo usiotii kitufe humkuta mtu akiwa tayari ameamini kwamba umesimama, pengine ameshapitisha mkono kati ya kopo na ukingo wa tangi.

Fundi mwenzako yuko sahihi na bosi amekosea, ingawa volti 24 peke yake haikutoshi. Utaratibu wangu ni huu: kwanza funga nyaya kiasi kwamba hata rimoti ikijaa maji, winchi isimame. Ukishafika hapo ndipo uanze kuziba. Ukianza na kuziba utakuwa umelifunika tatizo hadi siku raba itakapochoka, na raba huchoka.

Tuelewane kwanza juzi kilitokea nini. Kitufe cha kupandisha hupeleka umeme kwenye koili ya kontakta, ile swichi kubwa ya paneli inayovutwa kwa sumaku. Kontakta ni mvivu kuamka na mgumu kulala. Kiwango cha kimataifa, IEC 60947-4-1, kinaitaka ivute vizuri volti zikiwa angalau asilimia 85 ya zilizoandikwa kwenye koili, lakini kuachia inaruhusiwa kuachia popote kati ya asilimia 75 na 20. Kwa koili ya volti 230, maana yake ni kwamba volti 50 tu zinaweza kuendelea kuishikilia. Koili ya kontakta ndogo ikishavuta hula takriban VA 8 (VA ni volti mara ampea), yaani kama miliampea 35 kwa volti 230. Sasa ndani ya sanduku lako kuna maji ya chumvi yaliyotanda kati ya terminali ya umeme unaoingia na terminali ya kupandisha. Utando ule hauna nguvu ya kuiamsha kontakta, lakini opereta alishaiamsha kwa kidole. Alipoachia, utando ukaendelea kuishika. Ndiyo maana ukifungua sanduku likakauka kidogo hukuti kosa lolote, unaambiwa opereta muongo.

Na usitegemee kwamba RCD, kifaa kinachokata umeme unaovuja kwenda ethi, itakuokoa hapo. Umeme uliovuja ulitoka kwenye waya mmoja wa rimoti ukaingia mwingine, ukapita kwenye koili, ukarudi kwenye niutro kama kawaida. Kwa RCD hesabu imetimia, haina sababu ya kuruka. Iliyopaswa kuruka ni siku opereta alipopigwa, maana siku hiyo umeme ulipita mwilini mwake ukaenda sakafuni. Kama RCD ya miliampea 30 ipo na haikuruka, ipime leo. Kama haipo, umeshajua kitu cha kuongeza kwenye orodha ya bosi.

Tuje kwenye volti 24. Wengi wanaipenda kwa sababu haipigi shoti, na kwa mtu mwenye glavu zilizolowa anayesimama kwenye sakafu ya majichumvi hiyo ni sababu tosha. Ila kuna faida ya pili ambayo haizungumzwi sana. Koili ileile ya VA 8 kwa volti 24 inahitaji karibu miliampea 330 ili ishike. Mkondo umepanda mara kumi kasoro kidogo, na volti za kuusukuma zimeshuka mara kumi kasoro kidogo. Kwa hiyo utando wa maji, ili uishikilie kontakta, inabidi upitishe umeme vizuri zaidi mara 90 hivi kuliko ule wa juzi. Kwa matone na ukungu wa chumvi hilo ni gumu. Kwa sanduku lililojaa kabisa bado linawezekana, na ndiyo sababu sikuishia hapo.

Transfoma iwe yenye koili mbili zilizotengana kabisa, ya aina ya usalama. Ile yenye koili moja iliyochomolewa katikati usiiguse: siku ikikatika ndani, volti 230 zote zinashuka kwenye mkono wa opereta. Ukubwa uhesabu hivi: kontakta kuu, ile inayobeba umeme wa mota zote, ikiwa imeshika ni VA 8, na ya mwelekeo (kupanda au kushuka, mbele au nyuma) inapovuta kwa mara ya kwanza hunyonya kama VA 70. VA 100 ingetosha, mimi ningeweka 160 nisiwe na mawazo. Usisahau kubadilisha koili za kontakta zote ziwe za volti 24. Unacheka, lakini nimewahi kuitwa kwenye karakana ambako walifunga transfoma mpya na koili wakaziacha za zamani, wakashinda siku nzima wakilaumu rimoti.

Upande mmoja wa zile volti 24 uunge na ethi, hapo hapo kwenye paneli. Koili zote, terminali ya A2 (mguu wa pili wa koili), ziende moja kwa moja kwenye upande huo bila swichi yoyote katikati. Upande wa pili ndio uwekee fyuzi, na huo ndio uende kwenye rimoti. Mpangilio huu una sababu yake. Waya wa rimoti ukichubuka ukagusa chuma, umeme unakimbilia ethi, fyuzi inakatika, winchi inasimama. Ukiacha transfoma ikielea bila ethi, mchubuko wa kwanza hutauona kabisa, na wa pili unaweza kukipita kitufe chako na kuwasha winchi wakati hakuna aliyeigusa.

Ndani ya rimoti, umeme unaoingia upite kwanza kwenye kitufe cha dharura, kile chekundu cha uyoga chenye mzingo wa njano, kinachobaki chini ukishakibonyeza hadi ukizungushe. Nunua ambacho kontakti yake ina alama ya mshale ndani ya duara. Maana yake ni kwamba kidole chako ndicho kinachotenganisha shaba na shaba, springi ikivunjika au isivunjike. Baada ya uyoga ndipo umeme ugawanywe kwenda vitufe vya kuwasha, kupandisha, kushusha, mbele na nyuma. Uyoga ukate pia kontakta kuu, kwa sababu kontakta ya kupandisha ikigandamana midomo, kukata koili yake peke yake hakusaidii kitu. Na kitufe cha kuwasha kiwe cha kubonyeza na kuachia, kontakta kuu ijishikilie yenyewe kwenye paneli, ili umeme ukikatika ukarudi saa saba usiku winchi ibaki imelala. Kufungiana kwa kontakta za kupanda na kushuka, ili zisivute kwa pamoja, nadhani unakujua. Usiziache zikategemea vitufe peke yake.

Sasa hapa kuna tabia yangu ambayo mafundi wengine hunicheka nayo. Ukishabonyeza uyoga, waya pekee unaobaki na umeme ndani ya sanduku ni ule unaoingia. Huo naupa terminali ya pembeni kabisa, na terminali inayofuata naifunga waya uliounganishwa na ethi huko kwenye paneli. Hauna kazi nyingine. Uko pale kama mlinzi. Maji yakijaa, umeme unaovuja unakutana na ethi kabla haujafika kwenye terminali za kupandisha na kuwasha. Ukihesabu basi, unahitaji waya 8 ndani ya kebo: wa kuingia, wa kutoka kwenye uyoga kurudi paneli, wa kuwasha, minne ya mielekeo, na mlinzi. Nunua kebo ya waya 10. Miwili ya akiba itakufaa mwaka kesho mmoja ukikatika ndani, na kwa sasa ifunge nayo kwenye ethi.

Kebo yenyewe iwe ya raba, ya duara, ya nyuzi laini, kama zile zenye chapa ya H07RN-F, au ya winchi hasa, ambayo ina kamba za chuma ubavuni. PVC ya kawaida inakakamaa karibu na tangi lenye ubaridi wa nyuzi 10 chini ya sifuri, halafu inapasuka pale inapopinda. Waya wa milimita 1 mraba unatosha. Nilikupigia hesabu: kebo ya mita 10, kwenda na kurudi mita 20, ni kama omu 0.36, kontakta inapovuta ampea 3 unapoteza volti 1 tu kati ya 24. Kebo ndefu sana ndiyo ingekusumbua.

Ncha za waya zivike feruli, vile vibomba vidogo vya chuma, uziminye kwa koleo lake. Usizichovye risasi ya kulehemu. Risasi ni laini, ukiikaza kwa skrubu leo, baada ya miezi imelegea yenyewe, na waya unaotikiswa kutwa nzima unachomoka. Wala usiunge kebo katikati kwa tepu. Kama imefupika, badilisha.

Uzito wa rimoti na mivuto ya opereta (mnajua jinsi watu wanavyoiburuta rimoti kama kamba ya mbuzi) usibebwe na nyaya za shaba. Kamba za chuma zishikwe kwenye ndoano juu ya winchi na kwenye ndoano ya sanduku, na ziwe fupi kidogo kuliko kebo. Kipimo ni rahisi: ining'inize, kisha ishike kebo karibu na sanduku. Ikiwa imelegea mkononi, chuma ndicho kinachobeba. Ikiwa imenyooka kama uzi wa gitaa, rudia. Ncha za chuma zikunje na kuzivika kitu, zisije zikachoma terminali.

Sasa tuzibe. Maji yako hayapiti kwenye vitufe, na nadhani umekuwa ukivikagua hivyo kila mara. Vitufe vina mifuko ya raba, ikipasuka inaonekana. Maji yanashuka na kebo. Mvuke wa tangi unaganda juu kwenye kebo baridi, matone yanateleza kuifuata hadi shingoni mwa sanduku, na pale shingoni ndipo wanadamu tunapofanya uvivu. Rimoti nyingi zinakuja na shingo ya raba yenye umbo la karoti, yenye ngazi ngazi. Fundi anaikata pale kisu kinapoangukia, kebo inaingia na nafasi inabaki, anazungushia tepu nyeusi. Tepu ile inayanywa maji ya chumvi na kuyatunza. Pima kebo yako kwa kaliba. Kama ni milimita 15, kata ngazi ya 13 au 14, paka sabuni ya maji kidogo nje ya kebo uisukume kwa nguvu, kisha funga klipu ya chuma kisichoshika kutu. Iingie kwa shida. Ikiingia kwa raha umeikata vibaya.

Kama sanduku linatumia glandi, kibano cha kukaza kwa nati pale kebo inapoingia, shughuli ni ileile. Glandi nyingi za M20 hubana kebo ya milimita 6 hadi 12, na kipimo kimeandikwa kwenye pakiti yake. Kebo bapa kwenye glandi ya duara ni mlango uliofunguliwa pande mbili. Na angalia ganda la kebo lenyewe: likiwa na mkato hata wa ukucha, mita 2 juu ya sanduku, maji yanaingia humo na kusafiri ndani kwa ndani kati ya nyaya hadi yanatokea kwenye terminali. Glandi yako inakuwa kavu kabisa na sanduku limejaa. Huo ndio ugonjwa unaowatesa watu miezi.

Silikoni ya bosi. Ile ya bei nafuu inayonuka siki inanuka siki kwa sababu inatoa asidi ya siki inapokauka, na asidi hiyo inakula shaba nyekundu na shaba njano za terminali. Niliwahi kufungua rimoti iliyopakwa silikoni mshono mzima, kazi safi kwa macho. Nilipoitikisa kabla ya kufungua ilisikika kama dafu. Ndani maji yamesimama hadi nusu, skrubu zimeota ukijani, na maji hayakuwa na pa kutokea maana mshono ulizibwa barabara. Juu kwenye kebo ndipo hapakuzibwa. Isitoshe, ukishalipaka sanduku silikoni hakuna atakayelifungua kulikagua. Gasketi ya kawaida, safi, isiyokatika, iliyokaa kwenye mfereji wake bila punje ya chumvi, inatosha. Kaza skrubu kwa kuvuka, kona kwa kona, kidogo kidogo. Kisha jaribu hivi: kabla ya kufunga weka kipande cha karatasi juu ya gasketi, kaza, vuta. Karatasi ichanike au igome. Ikitoka nzima, pale hapajabanwa. Ukitaka kuilainisha gasketi tumia grisi ya silikoni, utando tu. Grisi ya gari inavimbisha raba za aina kadhaa.

Kuna adui mwingine, na huyu haingii kwa tone. Sanduku lililozibwa vizuri linapumua. Mchana hewa ya ndani ina joto imetanuka. Likinyunyiziwa maji ya baridi hewa inasinyaa ghafla na kunyonya chochote kilichoko kwenye ukingo wa gasketi. Wazee wetu wa kazi walikuwa wakitoboa tundu dogo chini ya sanduku yatoke. Mimi mwenyewe nimetoboa mengi. Kwenu mnakoosha sakafu kwa mpira na maji yanaruka kutoka chini, usitoboe. Kuna vizibo vya kupumulia vyenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji, vinafungwa kama glandi ndogo. Weka kimoja chini, sanduku libaki na daraja lake la kuzuia maji.

Kuhusu hilo daraja: nunua IP65 au zaidi. IP65 inamaanisha vumbi haliingii kabisa na sanduku limestahimili maji ya lita 12.5 kwa dakika kutoka kwenye mdomo wa milimita 6.3, kutoka pande zote. Kama mnaosha kwa mpira mnene wenye nguvu, tafuta IP66, ambayo hupimwa kwa lita 100 kwa dakika. Lakini daraja hilo ni la sanduku lilivyotoka kiwandani na tundu zake zimezibwa inavyotakiwa. Mkono wako pale shingoni ndio unaoamua kama linabaki.

Sanduku la zamani usilikaushe kwa jua ukalirudisha. Maji hukauka, chumvi inabaki kwenye kontakti, na chumvi huvuta unyevu kutoka hewani hata bila tone kuingia.

Kabla ya kuunganisha kwenye paneli, pima nyaya zote kwa mega (kipimo cha uzima wa insulesheni) ya volti 500, kila waya dhidi ya wenzake na dhidi ya chuma, vitufe vikiwa vimeachiwa na uyoga ukiwa umebonyezwa. Chini ya megaomu 1 usiendelee. Kwa kazi mpya ningetarajia mamia. Kisha jaza tishu kavu ndani ya sanduku, funga, lining'inize kama litakavyokaa kazini, umwagie maji kwa mpira dakika tatu pande zote, na kopo moja zima limimine juu kwenye kebo likateremke taratibu. Fungua. Tishu itakuonyesha yenyewe wapi palilowa, na kama ni shingoni utanikumbuka.

Ukishaunganisha, jaribu bila mzigo: kila kitufe na mwelekeo wake, bonyeza na kuachia, uyoga ukibonyezwa winchi ikiwa mwendoni, uyoga ukizungushwa winchi isianze yenyewe, swichi ya mwisho ya juu isimamishe. Hiyo swichi imeshagongwa kwa kasi juzi, kwa hiyo ikague mkono na kontakti zake. Vyombo vya kunyanyulia mizigo vinakaguliwa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na hili la juzi liandike kwenye daftari la winchi kama lilivyotokea. Mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, akija alikute. Kama leseni yako ya ufundi umeme kutoka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, haifiki kwenye kazi hii, aliye nayo asimame nawe na aweke sahihi.

Opereta mfundishe jambo moja la kila asubuhi: kabla ya kopo la kwanza, apandishe kidogo bila mzigo na kuachia, kisha abonyeze uyoga. Winchi ikichelewa kusimama hata kidogo, azime na akuite.

Na rimoti ya zamani, ikate kebo kabisa kwenye shingo kabla hujaiweka popote. Nimeshawahi kuikuta niliyoitoa mwenyewe imerudishwa kwenye winchi na zamu ya usiku, ikiwa bado na lebo yangu nyekundu.